Chakula cha Zanzibar Kina Saa Yake: Mwongozo wa Mgeni wa Kuchagua Pa Kula Unguja na Pemba

Shemeji yangu wa Nairobi alishuka bandari ya Malindi, hapa mjini Unguja, saa nne asubuhi, na neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa urojo. Ameuona kwenye simu, wenzake wameusifu, anautaka sasa hivi. Nikamwambia, "Shemeji, urojo saa hizi ni kama kutafuta daku adhuhuri." Hakunielewa. Nilipokuwa nashughulikia mizigo akachomoka, akamfuata kijana mmoja aliyemkaribisha kwa Kiingereza, akarudi kashiba chipsi za baridi na soda ya bei ya kuku mzima.

Kosa lake ni la wageni wengi, hata wanaozungumza Kiswahili tangu utotoni. Wanatafuta mkahawa mzuri, kisha wanauliza kuna nini. Hapa kwetu mambo yanakwenda kinyume. Kila chakula kina saa yake, na kila hoteli (ndivyo tuitavyo pa kulia, hata kama hapana kitanda) ina chungu kimoja au viwili inavyosifika navyo. Vilivyobaki inavipika ili tu isionekane haina. Kwa hiyo swali la kujiuliza si "wapi pazuri?" bali "saa hizi kinaliwa nini, na nani anakipika vizuri?"

Hatua ya kwanza: tazama saa kabla ya kutazama ubao wa bei

Kuanzia alfajiri mpaka kiasi cha saa tatu ni wakati wa supu, chapati, mandazi, vitumbua, maini na mbaazi za nazi. Mkate wa dukani tunauita boflo. Ukisikia "boflo na maharage" usishangae. Ikifika saa nne vyungu hivi vinaoshwa. Ukipewa supu saa tano, ujue imepashwa moto.

Wali ni wa saa sita mpaka saa nane. Wali wa nazi na samaki wa kupaka, mchuzi wa papa, mchicha, kachumbari, ndizi pembeni. Siku ya Ijumaa biriani na pilau hutamba, na foleni huja kwa mkupuo watu wakitoka msikitini. Fika mapema au subiri wiki ijayo, kwa sababu biriani la kweli, lenye masala yaliyopikwa mbali na wali, halipikwi tena jioni kwa ajili ya mtu aliyechelewa.

Alasiri ndiyo saa ya urojo. Bara na Mombasa wengine wanauita "Zanzibar mix", lakini sisi ni urojo tu. Mimi mteja wa mama mmoja wa Ng'ambo, mitaa ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe, anayefungua baada ya sala ya alasiri na kufunga chungu kikiisha, aghalabu kabla ya isha. Sufuria yake ina uji mwepesi wa manjano wa unga wa ngano, bizari na embe mbichi. Mkono hautulii. Anatia vipande vya mbatata, bajia mbili anazozikata kwa kidole, kachori, anachomoa nyama ya mshikaki kwenye kijiti, nusu ya yai, ndipo anamwaga urojo. Kijiko cha chatne ya nazi. "Pilipili, tone au mawili?" Juu kabisa chipsi za muhogo zilizovunjwavunjwa, na hizo lazima zifike mdomoni bado zinalia. Sasa linganisha na kibanda ambacho bakuli kumi zimekwisha kuchanganywa na kupangwa kusubiri wateja. Bajia zimelowa, chipsi zimelala. Pita, hata kama kibanda kimepakwa rangi nzuri.

Baada ya magharibi ni mishikaki, pweza, kababu, katlesi, chipsi mayai, mkate wa ufuta wa moto. Wali wa usiku upo, ila mara nyingi ndio ule wa mchana.

Hatua ya pili: usile ulipofikia

Bandarini na viwanja vya ndege utapokewa na papasi. Ni vijana wanaoishi kwa kamisheni, na baadhi yao ni watu wazuri tu, ila hoteli watakayokupeleka ni ile inayowalipa. Kamisheni hiyo inatoka kwenye sahani yako. Jibu "ahsante, nimefika kwetu", endelea kutembea, weka mzigo, oga. Njaa ndiyo inayowauzia wao.

Hatua ya tatu: muulize mtu asiyefaidika na jibu

Mtu wa mapokezi kwenye nyumba ya wageni atakutajia pale anapodhani mgeni atapenda. Atakuficha pale anapokula yeye, kwa haya. Kwa hiyo mpe swali lingine: "Wewe jana mchana umekula wapi?" Hilo hajibu kwa haya.

Lakini watu bora wa kuuliza wako kwenye baraza za kahawa. Mji Mkongwe iko Jaws Corner, njia panda ya kahawa na mabishano ya siasa, na kila mtaa wa Ng'ambo una baraza yake. Kahawa chungu ni senti kidogo, na kikombe kimoja kinanunua maarifa ya miaka arubaini. Kaa, salimu, usianze na njaa yako.

"Assalaam alaykum, ami."

"Wa alaykum salaam, mwanangu. Karibu kahawa."

"Ahsante. Ami, mimi mgeni hapa. Leo kama hukupikiwa nyumbani, ungekula wapi?"

"Nigombane na mke wangu kwa ajili yako?" Wenzake wanacheka. "Basi ningekwenda pale nyuma ya msikiti. Lakini kabla ya saa saba. Ukichelewa utakuta ukoko."

Jibu kama hilo lina mambo matatu: mahali, saa na ushahidi kwamba chungu huisha. Likikosekana la tatu, uliza mwengine. Ukisikia watu wawili wasiojuana wanataja pahali pamoja, nenda.

Majina mawili utayasikia tangu siku ya kwanza: Lukmaan ya Mkunazini na Passing Show ya Malindi. Zote mbili wageni wanazijua, na wenyeji bado wanazijaza, jambo ambalo ni nadra. Kwa anayeanza, uzuri wa Lukmaan ni kwamba chakula kimepangwa mbele yako, unaonyesha kwa kidole. Zoea macho yako hapo, kisha vuka barabara kuu uingie Ng'ambo, kuelekea majumba ya Michenzani na kwengineko, ambako bei inashuka na hakuna atakayekuletea orodha ya vyakula.

Hatua ya nne: simama mlangoni dakika mbili

Usikae kwanza. Tazama mafuta ya kukaangia: yakiwa meusi na yanatoa povu, yameshakaanga vizazi. Tazama kama vyungu vina mifuniko, na kama anayeshika pesa ndiye huyo huyo anayekata kachumbari. Tazama pa kunawia mikono, kama kuna maji yanayotiririka na sabuni. Hapa wengi tunakula kwa mkono wa kulia, na hoteli isiyojali maji ya kunawa imekwisha kujieleza.

Kisha tazama wanaokula. Wateja wa kiume watupu wanaokula haraka ni dalili ya bei nafuu. Chakula kinaweza kuwa kizuri au cha kushibisha tu. Kina mama wakija na vyombo vyao kutoka nyumbani kununua mchuzi au mkate wa ufuta, hapo nyamaza na upange foleni. Mwanamke wa Kizanzibari anayejua kupika hanunui mchuzi wa mwenzake kwa kubahatisha.

Juisi nayo iulize. Ya bungo, ya ukwaju, ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi, zote ni fahari yetu, ila barafu na maji ya kuchanganyia ndiyo yanayolaza watu. Uliza maji yametoka wapi. Muuzaji mwema atakuonyesha dumu. Akikasirika, kunywa dafu.

Hatua ya tano: samaki, na kalenda ya bahari

Nakaa hapa kidogo, kwani wengi wenu mnakuja kwa ajili ya samaki, na hapa ndipo mnapopigwa.

Bahari nayo ina saa zake. Pweza anapatikana kwa wingi wakati wa bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapokupwa sana na kina mama na vijana wa Jambiani, Paje na Matemwe wanatembea juu ya miamba na vijiti vyao. Katikati yake kuna maji mafu, pweza anaadimika. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka wanapungua. Na upepo wa kusi ukivuma, kiasi cha Juni mpaka Septemba, bahari inachafuka, vyombo vidogo vinakaa diko, yaani pwani vinapoegeshwa, bei inapanda na mafriza yanafunguliwa.

Huna haja ya kuhifadhi yote hayo. Uliza tu: "Pweza wa lini?" Muuzaji anayejua kazi yake atakujibu kwa lugha ya maji: "Wa asubuhi, jana bamvua limeingia," au "Huyu wa friza, maji mafu wiki hii." Jibu la pili si baya. Pweza aliyegandishwa vizuri hulainika, na mtu aliyekwambia ukweli kuhusu pweza atakwambia ukweli kuhusu kamba pia. Anayesema "fresh, fresh, boss" kwa kila kitu kila siku ya mwezi, huyo mwogope.

Samaki mzima akiwa bado mbichi, jicho liwe limejaa na linang'aa, ndani ya shavu pawe pekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Omba kuonyeshwa kabla hajaingia jikoni. Changu, kolekole na nguru ndio salama kwa mfuko na kwa ulimi. Kamba koche ni wa kuonyesha watu picha.

Jodari nina kesi naye. Mkahawa mmoja wa pwani ya mashariki, sitautaja, walinipa jodari wa kuchoma aliyenukia vizuri kabisa. Tonge la pili ulimi ukaanza kuwasha kama nimelamba pilipili, nikadhani ni masala. Haikupita saa moja uso ukawa mwekundu, kichwa kinagonga, vipele kifuani. Baadaye daktari akanieleza: samaki wa jamii ya jodari akikaa juani au nje ya barafu baada ya kuvuliwa, ndani yake hujengeka histamini, na moto hauiondoi. Huwezi kuinusa wala kuiona. Kwa hiyo jodari mle kwa mtu mwenye barafu ya kweli, au karibu na diko siku aliyovuliwa, kama Nungwi au Kizimkazi. Ulimi ukiwasha bila sababu, weka kijiko chini, usione aibu.

Na kasa, hapana. Ukiwa kijijini mtu akakuambia kuna nyama ya kasa, hata kwa siri na kwa heshima ya mgeni, kataa. Kwanza ni marufuku kumvua. Pili anaweza kuua. Machi 2024 katika Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula kasa, na wengine wengi walilazwa. Sumu hiyo nayo haiondoki kwa kupikwa.

Hatua ya sita: Forodhani, kwa akili

Watu wa mjini watakuambia Forodhani, ile bustani ya pwani ya Mji Mkongwe panapouzwa chakula usiku, ni ya watalii. Nusu kweli. Watoto wetu tumewapeleka pale, na jua likizama mbele ya Ngome Kongwe na lile Beit al-Ajaib lililobomoka upande mmoja Desemba 2020, huwezi kusema hapapendezi. Ila kuna utaratibu.

Zunguka mara moja mkono mfukoni. Usishike chochote, usikubali kushikishwa sahani. Mishikaki ya samaki, kamba na ngisi iliyopangwa mezani imekwisha kupikwa nusu, ikirudishwa motoni mbele yako. Hujui hiyo nusu ya kwanza ni ya leo au ya jana. Mimi pale nala kinachoanza kupikwa kikiwa kibichi mbele ya macho yangu: mishikaki ya ng'ombe, na ile pizza ya Zanzibar, ambayo si pizza bali ni unga mwembamba uliokunjwa na nyama ya kusaga, yai na kitunguu. Tazama anapovunja yai. Kisha miwa.

Bei ikubaliwe kabla kijiti hakijagusa moto, kwa kila kijiti, kwa sauti. "Hii shilingi ngapi? Na hii? Jumla?" Mwenye sahani iliyojaa na bili isiyojulikana hana pa kusimama.

Hatua ya saba: maneno yako ndiyo punguzo lako

Mtaliano hana hiki unachokijua wewe, yaani lugha. Lakini lahaja yako inaweza kukusaliti, na "niletee samosa na viazi" kwa mpishi wa Kizanzibari ina ukali usioukusudia. Anza na salamu, ujibiwe, ndipo useme "Naomba unitilie wali na mchuzi." Aliyekuzidi umri mwite ami, mama au bibi. Tungule ni nyanya. Mbatata ni viazi ulaya. Sambusa ni sambusa. Ukitaka kuongezewa mchuzi, "nongeze kidogo tu, mama" hufanya kazi kuliko pesa.

Ubao ukiwa na bei za dola tu na hakuna shilingi, umepotea njia, geuka. Mtu aliyekaa karibu nawe akikuambia "karibu" huku anakula, jibu ni "ahsante, bismillahi, endelea". Usivute kiti. Mavazi nayo: Ng'ambo na Pemba funika mabega na magoti, utahudumiwa kwa uso mkunjufu zaidi.

Ukija Ramadhani

Mwezi huo husogea nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka wa kizungu, basi angalia kabla hujakata tiketi. Mchana hoteli za wenyeji zimefungwa, na kula hadharani kunaweza kukukamatisha. Kula ndani ya nyumba ya wageni. Lakini magharibi, ewe mgeni! Muhogo wa nazi, ndizi mbivu za nazi, tambi, kaimati, mkate wa kumimina, uji wa pilipili manga. Vingi vinapikwa nyumbani, kwa hiyo mwenyeji akikualika kufuturu usijifanye mstaarabu wa kukataa mara tatu. Nenda na tende au matunda mkononi.

Pemba ni habari nyingine

Mimi ni wa Wete kwa mama, na bado nimelala na njaa Chake Chake. Nilifika saa tatu usiku nikijiamini, nikakuta mji umelala. Muuza duka mmoja akanionea huruma, akaniuzia biskuti na maziwa.

Pemba watu wanakula nyumbani. Hoteli ni chache, na zilizopo hupika kwa kukadiria watu wanaowajua. Kwa hiyo kanuni ni moja: agiza mapema. Asubuhi, ukishakunywa chai, mwambie mwenye nyumba ya wageni au mpishi mwenyewe unataka nini mchana na usiku, na watu wangapi. Mpe pesa ya soko kama akiomba. Ndio utaratibu, si ujanja. Ukishuka bandari ya Mkoani kwa boti, kula hapo hapo kabla ya kupanda gari, usingoje Chake. Jioni Chake utapata pweza na mishikaki ya barabarani, fika kati ya magharibi na isha. Bakuli la supu ya pweza lenye ndimu na pilipili, ukiwa umesimama, linatosha hadi asubuhi.

Kabla hujarudi, nunua halua ya Wete. Inauzwa kwenye vikapu vidogo vya ukili, imeganda, ina mafuta ya samli na harufu ya iliki. Usinunue kikapu kilichofungwa tayari. Omba uonjeshwe kwenye kijiko pamoja na kahawa chungu, na mwenye duka akikuonjesha ya pili bila kuombwa, chukua hiyo ya pili.